Risiti ya Msellem

Alianguka Mwembe Tayari, ngazi ya futi kumi na nane,
akiandika jina la duka la mabati.
Alikuwa amefika kwenye B.
Duka likabaki DUKA LA MAB mwaka mzima,
naye akabaki na shingo, ulimi,
na mkono mmoja utiio nusunusu.
"Afadhali ulimi," shangazi Mwanaidi alisema.
Hakujua alisemalo.

Kila asubuhi namfunga kalamu kiganjani
kwa ukanda wa tyubu ya baisikeli,
naye huburura mstari kama konokono mlevi.
Wajuzi wasema huo ni mtindo.
"Mtindo gani? Ni bega."

Nje ya benki, Barabara ya Digo,
mama mmoja alimdondoshea shilingi ishirini mapajani
akapita mbio, macho pembeni.
Nikatumwa nimkimbilie na karatasi:
RISITI. Thawabu, moja.
Mali ikishauzwa hairudishwi.

Mheshimiwa alipotuletea kiti kipya cha magurudumu
Msellem alichora watu kumi na wanne wamekishika, meno nje.
Mwenye kiti hayumo.
Yuko chini, sakafuni, ndiye awapigaye picha.

Kisha akachora pepo.
Mlango wa dhahabu, ngazi mia saba,
bawabu mwenye pua ndefu asoma gazeti,
na kibao: LIFTI INATENGENEZWA. TUWIENI RADHI.
Kibokoni kukachafuka.
Wakaja watatu, kanzu zimepigwa pasi,
wakasimama uchochoroni: "Toka nje!"
"Nitokeje? Hapo pana vidato vitatu.
Mwanibeba?"
Wakatazamana. Mmoja akacheka kwa pua, bila kukusudia.
Wakambeba. Chai ikaja, na mahamri, na mbaazi,
hasira ikakosa pa kukaa.
Yule mkubwa wao, akiaga, aliniuliza chinichini
eti pua yake ni ndefu hivyo kweli?

Usiku hana mzaha.
Namgeuza saa nane, namgeuza saa kumi, vidonda visimle,
naye autazama ukuta.
Mimi nami siulizi.

Mimi alinichora punda.
Nikasusa siku mbili, uji akanyweshwa na jirani.

Jana, nikianika godoro, nimeikuta nyingine:
jeneza lakata kona ya uchochoro wetu,
wabebaji wanne, jasho tele,
na sauti kutoka ndani: *Taratibu, mwanipakaza chokaa.*
Mbebaji wa mbele, kulia, ana masikio marefu
na kope nzuri, kazipamba moja moja.

Akaniona nimeiona.
"Irudishe," akasema.
"Hiyo wino haujakauka."