Kilo Moja na Robo

Mimi kitambaa nakijua kwa kidole gumba.
Nifunge macho, nipe pindo tu:
hii drili, hii poplini, hii tetroni
iliyochanganywa na uongo wa muuzaji.
Miaka kumi na tisa barazani, Dabo Rodi,
cherehani mbele, mgongo ukutani,
watu wazima wanageuka, nawapima,
hakuna bega lililonikataa.

Lako tu, Kundaeli.

Lebo ya shingoni ilikuuma kama nyigu.
Nikazikata zote, nina kopo zima la lebo.
Mshono wa soksi. Maji ya manyunyu.
Busu la bibi yako, Jumapili, baada ya ibada:
ulilifuta hadi shavu likachubuka,
naye akarudi Marangu kimya,
mikono yote miwili ndani ya mkoba.

Watu wakasema. Moshi si mji wa kukosa la kusema.
Mmoja akasema deko. Mmoja, mizimu ya upande wa mama.
Mwingine akaleta mafuta ya upako, chupa nzima.
Mafuta! Kwa mtoto asiyevumilia hata manyunyu.
Neno lenyewe, usonji, lilikuwa kwenye karatasi
niliyoikunja mara nne, nikaikalia.

Nikawa nakugusa polepole.
Nilidhani ndiyo huruma: ncha za vidole,
kama mtu anayepima hariri ya bibi harusi
akiogopa kuvuta uzi.
Ukapiga kelele. Nikapunguza tena.
Ukapiga zaidi.

Bi Nakijwa, wa chumba kile cha Pasua
chenye godoro la sponji na bembea ya shuka,
na mabeseni matatu: mchanga, buni, vifungo,
alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba mkono.
Akapitisha unyoya wa kuku juu ya kiganja.
Niliuvuta mkono bila kupenda.
Akaukamata kwa mikono miwili, akaubana
kama anayekamua blanketi.
Nikatulia, mtu mzima mimi.
"Ngozi yake haijui kunyamaza, fundi.
Wewe unampapasa, yeye anahesabu siafu.
Mwombe ruhusa kwanza. Akikubali, mkandamize."

Jioni ile nikaenda Mbuyuni.
"Maharage ya njano, kilo moja na robo."
"Ya kuloweka leo?"
"Ya kuvaa."
Mama akanitazama, akaongeza kiganja cha bure.
Nikamrudishia. Uzito ulishapimwa.

Kizibao cha drili iliyofuliwa mara kumi,
bitana ya fulana yangu kuukuu,
vijifuko kumi na viwili, kila kimoja
kimeshonwa mara mbili, mishono yote kwa nje.
Mteja wa suti ya kipaimara alinuna.
Anune.

Siku ya kwanza ulikitupa chini ya kitanda.
Ya pili pia. Ya tano panya wakakitoboa,
nikapiga kiraka nikiwatukana panya kwa Kichaga.
Wiki ya tatu, sijui saa ngapi, umeme umekatika,
nakanyaga cherehani kwa mwanga wa simu,
nikasikia maharage yanatembea.
Umekivaa, nyuma mbele.
Vidole vyako vinasaka mbegu mojamoja ndani ya kitambaa
kama nisakavyo mimi uzi uliokatika.

Sikukukumbatia. Nimejifunza.
Niliiweka mikono yangu wazi juu ya cherehani
kama bidhaa; anayetaka atachagua.
Ukachagua wa kulia. Ukaugeuza.
Ukapita juu ya sugu ya kidole gumba,
ile iliyochimbwa na sindano miaka yote,
ukarudi, ukapita tena.
Kisha ukaubandika mgongoni kwako
na kuniegemea kwa uzito wako wote:
kilo ishirini na moja na robo.

Taa ziliporudi hatukusogea.
Suti ya kipaimara ilichelewa siku mbili.