Namba Mia na Kumi na Saba

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.
Mie nilikopa harusi kweli:
ukumbi wa Al-Khodh, viti mia tatu vya kitambaa cheupe,
halwa ya zafarani sinia kwa sinia,
udi uliofukizwa mpaka macho ya wageni yakachuruzika,
na Harith wangu kwenye kochi la dhahabu
anatabasamu kama mtoto aliyesamehewa adhabu.

Kadi ya kwanza ililipa ukumbi.
Ya pili ililipa kilichosahauliwa na ya kwanza.
Ya tatu niliichukua ili nizilipe mbili zile,
na hapo ndipo nilipojua
kuwa mtu anaweza kuteka maji kwa pakacha
miaka miwili
na bado akajisifu ana kisima.

Simu ilikuwa ikilia saa tatu asubuhi.
Sauti ya kike, laini, Kiarabu cha redioni:
Mama, unajua kiasi unachodaiwa?
Nakijua. Nakijua kuliko umri wangu.
Nikaifukia simu ndani ya pipa la mchele.
Ikatetemeka humo, punje zikacheza,
nami nimekaa jikoni Mabela, mwezi wa Agosti,
kiyoyozi nimekizima kuokoa baisa,
jasho linanitambaa mgongoni,
nasikiliza mchele wangu ukidaiwa.

Dawa ya deni kulipa, husema watu.
Haya. Duka la dawa hiyo liko wapi?
Wifi yangu Zuweina nilimzunguka kwa maneno,
nikaanza na joto, nikapita kwa bei ya vitunguu,
nikaishia kumsifia mapazia.
Bangili mbili niliziuza Matrah,
nikaanza kuvaa mikono mirefu.
Usiku nilisali; nilipofika penye dua ya wenye madeni
nikaona haya, maana riba ile niliitia saini mwenyewe
kwa kalamu yao,
na kalamu nikaondoka nayo.

Jumatatu moja, sijui kwa nini Jumatatu ile,
nikazitia bahasha zote kwenye mfuko wa duka la viatu
nikaenda benki, tawi la Sibu.
Namba mia na kumi na saba.
Walikuwa kwenye tisini na nne.
Nilikuwa na nafasi ishirini na tatu za kukimbia.
Nilizihesabu zote.

Kijana mezani, kanzu imenyooka,
Mundhir, kibao kilisema,
akazifungua bahasha, nyengine sikuwahi kuzigusa gundi,
akazipanga kwa tarehe kama mtu anayeanika dagaa.
Kiarabu kikanikauka.
Nilikuwa na maneno ya hospitali, ya sokoni, ya kumfokea fundi wa bomba;
la kushindwa sikulipata.
Likanitoka kwa lugha ya mama yangu:
Siwezi tena, mwanangu.
Akainua uso.
Akasema, kwa Kiswahili cha bibi yake,
kilichochakaa pembeni kama mkeka wa ukumbini,
"Bi mkubwa, umekula leo?"

Basi nikalia, mbele ya mashine ya namba na watu wake.

Sikwambii alinifutia. Hakunifutia hata baisa.
Alizifunga tatu zikawa moja,
riyali sabini na nane kila mwezi, miaka minne;
riba imekatwa kucha, vidole bado inavyo.
Akaniandikia yote kwenye kipande cha karatasi, kwa mkono,
kwa kuwa nilimwambia kompyuta yake inanitisha.
"Na mwanao anajua?" akauliza.
Nikafunga mkoba.

Nyumbani nilizikata kadi kwa mkasi wa samaki.
Ya tatu iligoma penye kile kidude cha dhahabu,
ikabaki imepinda, inaniangalia.

Ijumaa Harith alikuja na mkewe.
Nikaiweka karatasi ya Mundhir karibu na tende.
Akaisoma. Akairudia toka juu.
Hakusema neno.
Akavikusanya vikombe vya kahawa, akaenda navyo jikoni,
akavikosha kimoja kimoja,
hata vile ambavyo hakuna aliyevinywea.