Zamu ya Kupotea

Fomu ilidai saa mia mbili angani,
cheti cha daktari, macho yasiyobahatisha rangi,
huduma ya kwanza, redio, kuruka usiku.
Vyote nilikuwa navyo, ndani ya bahasha ya kaki
iliyonuka kahawa, maana nauza kahawa,
na urubani huu wa kujitolea
mume wangu huuita kununua jasho kwa fedha taslimu.

Mwalimu Okiror hakuifungua bahasha.
Alinipa kioo cha mfukoni na chupa ya maji,
akanishusha ng'ambo ya mto Nyamwamba:
"Leo, Kabugho, ni zamu yako kupotea."

Nililala katika matete yanayozidi kimo cha mtu.
Siafu walinipima afya upya.
Saa nne nikaisikia ndege ikitoka Kasese,
nikasimama, nikapunga kitenge, nikaita,
mtu mzima mimi, ninayejua fika
kwamba rubani hasikii ila injini yake.
Ilinipita. Tumbo jeupe,
karibu hata nikaona mabaka ya mafuta.
Ikageuka, ikapita tena.
Kioo changu kilitafuta jua,
jua likaingia nyuma ya wingu la Rwenzori
kama mdeni aliyemwona mdai.
Mara ya tatu sikupunga. Nilikaa tu.
Hapo ndipo nilipoujua ukimya wa baada ya ndege,
ulivyo mzito kuliko ule wa kabla.

Jioni Okiror aliniuliza swali moja:
"Ulikata tamaa mzunguko wa ngapi?"
Nikasema wa tatu. Akaandika.
"Basi ukiwa juu, kumbuka wa nne.
Lakini mafuta yakisema rudi, rudi.
Sitaki kutafuta wawili."

Novemba wakatuita: mrina asali, jina Thembo,
siku mbili hajaonekana, mvua imefuta nyayo.
Nilichora miraba juu ya bonde,
polepole, mpaka mabawa yakalalamika.
Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.
Wa nne niliuruka kwa ajili ya yule mwanamke wa matete.
Mshale ukagusa alama nyekundu
niliyoichora kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikageuza pua.
Na kwa kuwa sikujua kama ananiona,
nilitikisa mabawa, kulia, kushoto,
kwa bonde zima:
nakwenda kujaza tangi.
Usikae chini.