Karani wa Meza

Nchi hii haina bahari.
Ina mto Tisza, mpole hadi siku unapokasirika,
na chini ya udongo ina maji ya moto
yenye harufu ya yai lililosahaulika.
Ndiyo tuliyojazia bwawa letu hapa Szentes,
ndiyo waliyoyafuata watu wa mataifa sita
wiki ya pili ya Januari,
theluji ikiwa imelala kwenye viti vya watazamaji
na mvuke ukipanda kama sufuria imefunuliwa.

Mimi ni karani wa meza.
Nina kalamu, karatasi iliyolowa pembe,
na bendera tatu ndani ya kopo la rangi.
Nyeupe ikipanda, mweupe aliyefukuzwa anarudi.
Ya buluu, vivyo hivyo.
Nyekundu hairudishi mtu.

Kabla ya kipenga refa hukagua kucha.
Amini usiamini: wanaume wa kilo mia na kumi
husimama mstari, vidole mbele,
kama watoto wa darasa la pili.
Vukota wa Montenegro aliambiwa akazikate.
Alicheka, tukacheka naye.
Baada ya hapo sikumbuki kicheko.

Maji yale hayana pa kukanyaga.
Miguu huzunguka, mmoja huku, mmoja kule,
miiko miwili katika chungu kimoja,
robo nne, bila kugusa sakafu.
Juu mnaona mkono, mpira wa manjano, wavu.
Chini waulizeni wenyewe.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako;
sidhani kama waliwahi kuuona mchezo huu,
lakini Vukota alikuwa ameikamata chupi ya Zalán
kwa ngumi nzima,
na mkono wake wa pili ameunyanyua hewani,
mtakatifu wa dirisha la kanisa.

Zalán ni namba nne, kofia nyeupe.
Mimi ndiye niliyemfundisha kuelea.
Alikuwa na miaka sita,
kiganja changu chini ya mgongo wake,
na siku nilipokiondoa hakujua.
Hakujua mpaka nilipomwonyesha mikono yangu,
yote miwili, mikavu, hewani.

Robo ya kwanza, kosa moja.
Robo ya tatu, la pili, la kijinga, la hasira.
Tisa kwa tisa. Imebaki dakika moja na sekunde kumi na nne.
Mpira unamwendea Vukota, Zalán yuko mgongoni mwake,
Mgiriki anapuliza,
anaonyesha vidole vinne,
anaonyesha nje.

Nikatazama karatasi.
Karatasi haina undugu.
Bega langu la kulia halipandi
tangu waliposhona kano zake kule Budapest,
nikiwa na miaka thelathini na mchezo mmoja mbele yangu
ambao sikuucheza.
Nikainua nyekundu kwa mkono wa kushoto.
Watu elfu moja wakawa kimya.
Safu ya tatu, mke wangu Piroska
akaanza kufunga chupa ya chai ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

Walifunga. Alifunga Vukota,
na siwezi kudanganya, lilikuwa goli zuri:
mpira ulidunda juu ya maji mara moja,
jiwe bapa la mtoto,
ukapita kwapani mwa kipa.
Kumi kwa tisa. Nikaandika. Wino ukasambaa.

Zalán akaja mezani, amejifunga taulo,
mvuke ukimtoka mabegani kama farasi.
Nilikuwa na maneno tayari.
Kwamba sheria ni sheria. Kwamba kesho wapo Waitalia.
Kwamba jicho la refa lilikuwa upande mbaya.

Akanishika kiwiko.
"Shusha, Mjomba Ödön," akasema,
"na hilo nalo litakuuma."

Nikatazama juu.
Sikuwa nimejua.
Bado ilikuwa hewani.