Siku ya Sifuri

Wanasema mbwa abwekaye haumi.
Huyu hakubweka.
Alitoka nyuma ya kibanda cha makaa, kichwa kimeinama
kama mtu anayetafuta funguo,
akalinasa shavu la mguu wa Kwamboka, akaliachia, akaenda zake.
Hata hakukimbia. Hilo ndilo lililonitisha.

Mama Obuya akaja na pilipili ya kusaga.
Mwingine akasema tuchome manyoya ya mbwa, tupake majivu.
Kamkamate kwanza, nikamwambia.
Mimi nilikumbuka kitu kimoja tu, cha mwalimu wa darasa la sita:
sabuni, na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano.

Maji yanayotiririka. Pipeline.
Mtaa umepewa jina la bomba
na bomba letu hukohoa Alhamisi usiku, likipenda.
Ilikuwa Jumatatu.
Basi nikaomba madumu: la chumba cha nne, la chumba cha tisa,
la Bwana Mutinda, aliyelinunua asubuhi ile ile
na akalimimina mwenyewe, polepole, kama anayemnawisha mgeni,
nami nasugua, mtoto ananitukana kwa Kiswahili na Kikisii,
mpaka sabuni ikabaki kama ukucha.
Madumu matano.
Povu likashuka ngazi hadi ghorofa ya chini
na hakuna aliyelalamika.

Sasa chanjo.

Zahanati ya kwanza, aliyejibu ni mlinzi:
Imeisha tangu mwezi jana.
Ya pili walikuwa na friji,
na ndani ya friji, soda mbili na chakula cha mtu.
Ya tatu walikuwa nayo.
Binti wa kaunta aliandika bei kwenye karatasi, akaikunja,
akanisukumia kama barua ya posa.
Nikaifunua. Kodi ya mwezi, na zaidi.
Hii ni ya sindano zote?
Hiyo ni ya moja.

Nikampigia mtu, akanipa namba ya mtu
mwenye shemeji anayefua shuka katika hospitali moja ya serikali.
Shemeji akasema: ipo, lakini mfike kabla ya saa kumi.
Saa kumi mwenye funguo za friji huondoka.

Ilikuwa saa tisa na robo.
Nikakata njia nyuma ya maghala,
msichana wa miaka minane mgongoni, kiatu kimoja.
Akaniuliza sikioni: Mama, nikipata kichaa nitabweka?
Tayari unabweka, nikasema.
Akacheka. Mimi nikalia.
Hiyo ndiyo faida ya kumbeba mtoto mgongoni,
hauoni uso wako.

Sista Nafuna alikuwa ameshavaa sweta, mkoba begani.
Akautazama mguu, akaitazama saa ya ukutani,
akauweka mkoba chini.
Hakusema pole. Alisema:
Nani aliyekiosha hiki kidonda?
Jengo zima, nikamjibu.

Kisha kadi. Siku ya 0, ya 3, ya 7, ya 14, ya 28.
Mimi hushona sare za shule, huhesabu kuanzia moja,
kifungo cha kwanza, kifungo cha pili.
Yeye alianza na sifuri.
Leo, akasema akipiga muhuri, ni siku ya sifuri.
Nikafikiri: madumu, bei iliyokunjwa, mgongo huu wangu,
vyote hivyo, na bado hatujaanza kuhesabu.

Mbwa alikutwa mtaroni siku ya tano, amekufa.
Muuza makaa aliapa hakuwa wake,
kamba ikiwa bado imefungwa kwenye kigingi cha kibanda chake.

Kadi naiweka kwenye kopo la vifungo. Imebaki sindano moja.

Jana Alhamisi bomba lilikohoa.
Nikajaza madumu matano, nikayarudisha:
la chumba cha nne, la chumba cha tisa.
Bwana Mutinda akalikataa lake.
Kaa nalo, akasema mlangoni,
akitazama chini barabarani,
mbwa bado ni wengi.