Fundi wa Birere Afungua Mashine Mbili

Zihindula alirudi kutoka Dubai na mashine mbili,
moja ya boksi jekundu, nyingine la samawati,
akazitua juu ya meza yangu hapa Birere
kama mtu aliyeoa wake wawili siku moja
na hajui alale wapi.

"Kyakimwa," akasema, "diski za huyu, yule anazitema.
Za yule, huyu hataki hata kuzionja.
Nimelipa dola mia nane. Fungua uniambie
mgonjwa ni nani."

Nilingoja umeme. Ulikuja saa tatu usiku,
mwembamba, kama mgeni asiye na hakika kama amealikwa.
Parafujo kumi na nne huku, kumi na tano kule.
Sikukuta ugonjwa.

Diski ni za upana ule ule, zililaliana
kama sahani za harusi.
Nikawasha jicho la kwanza, nikalitegea karatasi ya sigara:
mwanga wa samawati inayoelekea zambarau.
Nikawasha la pili: mwanga ule ule.
Tofauti ni kina tu. Huyu anasoma karibu na ngozi,
yule anazama kidogo, unene wa ukucha,
ndipo aanze kusoma.

Ukucha!
Watu wazima wenye tai, wenye maji ya chupa mezani,
miaka yote hiyo hawakupatana juu ya ukucha?

Nikamwambia: hapana, Zihindula, hawagombei picha.
Picha ni nzuri huku na huku, unahesabu vinyweleo vya shavu.
Wanagombea senti.
Kila diski itakayochapwa duniani,
senti kadhaa zinarudi nyumbani kwa aliyeandikisha kina.
Mashine za zamani zimeshuka bei, kila karakana inazitengeneza,
mimi mwenyewe ninazo sita chini ya meza,
hazimpi tena tajiri usingizi mnono.
Basi lazima uzuliwe mlango mpya
ili upatikane ufunguo wa kuuza.
Mmoja akaificha mashine ndani ya mchezo wa watoto,
iingie sebuleni bila kubisha hodi.
Mwingine akauza kwa hasara, akitabasamu
kama muuza maharagwe anayekujazia nyongeza leo
ili kesho usahau njia ya kibanda kingine.
Na wenye filamu wakakaa katikati,
wakipima bahasha ipi ina uzito.

"Na sisi," akauliza, "walituhesabu wapi?"

Nikamwonyesha kwa ncha ya bisibisi:
vipunje vya manjano vilivyoshonwa kwenye ubao,
sita huku, saba kule.
Kaka yangu Muhindo alichimba kitu cha namna hiyo Rubaya
misimu mitatu, akarudi na kikohozi na redio.
Siwezi kuapa kwamba punje hii ilipita mkononi mwake.
Naweza kuapa kwamba juu ya punje
zile nyumba mbili hazikugombana hata siku moja.

Mwaka haukuisha, jekundu likashindwa. Redio ya Muhindo ilitaja
kati ya bei ya mafuta na matokeo ya mpira.
Zihindula hakurudi kuchukua chochote.
Transfoma ya aliyeshindwa inachaji simu, franka mia moja kila moja.
Jicho lake nimelifunga kwenye pamba, sijui kwa nini.
Na aliyeshinda? Yuko rafuni, na ushindi wake,
hana diski ya kula. Wateja wangu bado wanakodi zile za kunakiliwa,
filamu nane ndani ya diski moja,
sauti ikitangulia midomo.

Jana Kasereka wa chukudu alikuja kuomba diski
afunge nyuma ya mzigo,
maana malori ya Sake hayamwoni mtu usiku.
"Ipi?" nikamuuliza kwa mazoea. "Hii au hii?"
Akanitazama kama niliyeuliza jambo la kitajiri.
Nikampa zote mbili.

Nilisimama mlangoni, nikamsindikiza kwa macho
akiteremka juu ya mawe meusi ya volkano.
Lori likaja nyuma yake, likawasha taa,
likazisoma zote.