Mpangaji

Siku ya kwanza niliokota kumi na saba.
Simbi zenye midomo ya waridi, kauri za madoa,
na moja ndefu, iliyosokotwa kama twende kilioni.
Nikazipanga dirishani mwa chumba, juu ya leso,
nikaziona tayari zimekaa kwangu Dodoma
ndani ya kabati la kioo, kati ya glasi za harusi
na picha ya Chiduo akihitimu chekechea.

Nilikuwa nimelipia. Ndivyo nilivyojiambia.
Nauli ya basi, kivuko cha kwenda Bweni,
siku nne Ushongo, na samaki wa jioni.
Nani angenihesabia simbi?

Bi Mwanshamba, mwenye chumba, alikuja kufagia.
Akaziona. Akasema tu:
"Huku kwetu nyumba ni haba."
Nikadhani anasemea wageni wa Idi.

Siku ya pili maji yamekupwa
hadi kwenye majani ya bahari,
Chiduo akaniita kwa sauti ya mtoto aliyeona nyoka.
Kifuniko cha dawa ya meno kilikuwa kinatembea.
Cheupe, kimepasuka ukingoni, kina miguu.
Tukachuchumaa. Ndani yake duvi,
nusu ya mwili imeingia, nusu imegoma,
kiuno chake laini kimeachwa juani
kama mtu anayekimbia kutoka bafuni
amejifunga taulo la mtoto.

"Mama, kwa nini amevaa takataka?"

Nimepanga nyumba saba tangu nije mjini.
Najua kodi ya miezi sita kwa mkupuo,
najua dari linalovuja juu ya kitanda tu,
najua kuhama usiku, godoro kichwani,
kwa kuwa mwenye nyumba amepata mtu mwenye gari.
Najua kuingia chumba kisichokutosha
ukasema kinatosha, mradi kina mlango.
Sikujua kwamba na mimi
nina nyumba kumi na saba dirishani, tupu,
na mtu yuko nje.

Usiku ule nilizigeuzia mgongo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hakuna aliyenipa. Niliomba mwenyewe
gunia la sukari la Bi Mwanshamba,
tukashuka ufukweni hata kunguru hawajaamka.
Chiduo alizirudisha mojamoja kwenye mstari wa mwani,
kila moja akiigonga kwa ukucha: "Hodi."
Mimi nikaokota vifuniko, mirija,
kandambili tatu, zote za mguu wa kushoto,
na chupa ya maji niliyoifahamu.
Ilikuwa yangu, ya jana,
ina rangi ya mdomo wangu shingoni.
Niliitia gunia haraka
kama mtu anayeficha barua.

Yule duvi hatukumwona tena.
Sitasema alihamia kwenye ile ya waridi.
Sijui. Bahari haitoi risiti.

Nyumbani, nikikung'uta mchanga wa viatu,
ikaanguka ile ya twende kilioni.
Chiduo akaikanyaga kwa mguu, taratibu,
asiivunje, nisiione.
Nikamsubiri aseme.
"Hii ni ya akiba," akasema,
"tukifukuzwa tena."

Nilikaa chini pale pale penye mchanga.
Nilitaka kumwambia kwamba hatutafukuzwa.
Nikamwambia kwamba hatutatosha.
Akaipima kwa kidole chake cha mwisho,
akakubali.

Jumatatu tulikwenda stendi, dirisha la vifurushi.
Boksi dogo la viberiti, pamba ndani,
jina la Bi Mwanshamba juu.
Kijana akauliza bila kuinua kichwa:
"Ndani kuna nini?"
"Nyumba," akasema Chiduo.
Kijana akatutazama, akatazama foleni,
akaandika: vyombo.
Elfu tatu.
Nikalipa, nikamsihi
asigonge muhuri kwa nguvu.